Mtoto wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, nikitaka wa pili nijiandae vipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Sengerema, nina miaka 27. Mwanangu wa kwanza alizaliwa na uvimbe mgongoni, tukaambiwa ni mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji hospitali ya Bugando, Mwanza, baadaye akawekewa mpira wa kutoa maji kichwani. Sasa ana miaka mitatu, anaongea vizuri ila miguu haina nguvu. Nina kijiti, nataka nikitoe nizae tena. Mama mkwe anasema ni mkosi wa ukoo wetu. FEFO za kliniki (vidonge vya madini ya chuma na foliki vya kuongeza damu) nilimeza zote. Sasa tatizo lilitoka wapi, na safari hii nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama. Kwanza, kijiti usikitoe bado.

Ulianza kliniki mimba ikiwa na miezi mingapi? Wengi huku Kanda ya Ziwa huja tumbo likishaonekana, miezi minne au mitano. Wakati huo mgongo wa mtoto umeshaumbika zamani. Uti wa mgongo huanza kama utepe bapa, kingo zake zikajikunja hadi zikutane na kuwa bomba. Bomba hilo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itunge, yaani kama wiki mbili tu baada ya kukosa hedhi. Lisipofunga huku chini, ndiyo mgongo wazi. Lisipofunga juu, ubongo na fuvu havikamiliki na mtoto haishi. Kwa hiyo FEFO zilikusaidia upande wa damu, lakini kwa mgongo zilikuta mambo yameshaisha. Hukuzembea.

Kinachosaidia bomba lifunge ni foliki asidi, aina ya vitamini, ambayo tayari imo mwilini kabla ya mimba. Kwa mwanamke asiye na historia kama yako zinatosha mikrogramu 400 kwa siku. Aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hii ana uwezekano wa karibu 3 kati ya 100 wa tatizo kujirudia, na dozi yake ni kubwa mara kumi. Utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba miligramu 4 kwa siku zilipunguza kujirudia huko kwa asilimia 72. Kwenye maduka ya dawa kinachopatikana ni kidonge cha miligramu 5, nacho kinafaa, kimoja kwa siku. Mwombe daktari akuandikie. Anza walau mwezi mmoja kabla ya kutoa kijiti. Mimi napendelea miezi mitatu, maana kijiti kikitoka unaweza kushika mimba ndani ya wiki chache. Usijaribu kufikisha dozi hiyo kwa kumeza FEFO nyingi. Foliki iliyomo ni chini ya nusu miligramu, na madini ya chuma yatakudhuru kabla hujafika.

Endelea hadi wiki ya 12 ya mimba, kisha acha kidonge cha miligramu 5 urudi kwenye FEFO ya kliniki. Hapa hata wahudumu husahau. SP ya kuzuia malaria, inayotolewa kuanzia muhula wa pili, inaua kijidudu kwa kukinyima foliki. Ukiendelea na miligramu 5 unakilisha kile kile unachotaka kukiua, na malaria ya ziwani si ya kuchezea. Na kwa kuwa zinapinga foliki, SP na Septrini (dawa ya kuua bakteria) zisinunuliwe ovyo dukani katika miezi mitatu ya mwanzo. Anayepewa Septrini CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) asiiache mwenyewe, aulize huko huko.

Kuhusu mkosi: urithi una sehemu yake, lakini sehemu tu, na unatoka pande zote mbili, kwenu na kwa mama mkwe pia. Mara nyingi chanzo kimoja hakipatikani. Vinavyojulikana kuongeza hatari ni kisukari kisichodhibitiwa (pima sukari kabla ya kutoa kijiti) na baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti. Mwenye kifafa hubadilishiwa dawa na daktari kabla ya mimba. Akiiacha ghafla degedege litamrudia. Pombe nayo huharibu ubongo wa mtoto kwa njia yake nyingine.

Chakula? Kanuni za nchi zinataka viwanda viongeze foliki kwenye unga wa ngano na wa mahindi, lakini dona unayosaga mashineni mtaani haina nyongeza hiyo. Maharage, choroko na mchicha vinayo, ila ukimwaga maji ya kuchemshia umeimwaga. Nsansa, yaani mboga ya majani iliyoanikwa juani, imeshapoteza nyingi. Kula vyote, kidonge kibaki pale pale.

Ultrasound ifanyike wiki ya 18 hadi 22, na kabla hujapanda kitandani mwambie mpimaji: "Nilizaa mtoto mwenye mgongo wazi." Vipimo vingi vya mtaani huangalia mapigo ya moyo, umri wa mimba na jinsia, basi. Mgongo unatakiwa utazamwe pingili kwa pingili, na kichwa pia: paji lililobonyea pande zote mbili na ubongo wa nyuma ulioshuka mara nyingi huonekana kwa urahisi kuliko tundu lenyewe. Likionekana tatizo, panga kujifungulia hospitali ya rufaa. Daraja la Kigongo–Busisi la kuelekea Mwanza linapitika, hakuna tena kungoja kivuko. Mtoto akizaliwa na uvimbe alazwe kifudifudi, afunikwe gozi safi iliyoloweshwa maji ya dripu ya chumvi, asipakwe mafuta wala dawa yoyote, na afike kwa wapasuaji siku hiyo hiyo, kwa sababu mgongo unatakiwa ufungwe ndani ya siku mbili tatu.

Jambo moja hukuliuliza. Umetaja miguu ya mwanao, hukutaja mkojo. Mishipa ya fahamu ya kibofu hutoka eneo lile lile la mgongo, na mkojo unaobaki kibofuni huharibu figo taratibu bila maumivu. Kama hajawahi kuangaliwa, mpeleke Bugando apimwe figo na kibofu, na uombe ufundishwe kumtoa mkojo kwa mpira mdogo nyumbani. Na siku akianza kutapika, kulalamika kichwa na kusinziasinzia, usingoje tarehe ya kliniki. Huenda mpira wa kichwani umeziba.