Thamostati inachelewa kutii

SWALI: Thamostati yangu (kidhibiti joto cha nyumba) ya Z-Wave, mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani, ilikuwa ya betri. Nimeiunganisha waya wa C (waya wa pamoja, wa kurudisha umeme), lakini amri za kidhibiti, yaani kitovu cha mtandao huo, bado zinachelewa. Kwa nini? – Msomaji, Minneapolis

JIBU: Waya wa C unaipa umeme wa volti 24, sawa. Ila thamostati nyingi za aina hiyo huamua zinaposajiliwa kama ni kifaa cha betri au cha umeme, na yako bado inajihesabu ya betri: inasinziasinzia, wala haipitishi ujumbe wa vifaa vingine. Iondoe kwenye mtandao kwa amri ya kidhibiti (kufuta jina tu hakutoshi), kisha isajili upya ikiwa ukutani, ikipata umeme wa waya wa C. Ukigusa nyaya tena, zima kwanza swichi ya tanuru (mashine ya kupasha nyumba joto). R (waya unaoleta umeme) ikigusana na C, fyuzi ya bodi ya tanuru huungua.