Kuhusu yule Ryun wa Kansas

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na mama yako anakurudishia zake. Umeniuliza kama huyo Jim Ryun ambaye wazee wa hapo Topeka, Marekani, bado wanamtaja ndiye yule mkimbiaji ambaye Babu wa dukani alikuwa akitusimulia habari zake tukipukuchua mahindi, na kama alikuwa mbunge mzuri. Ndiye. Hilo la pili nitalifikia.

Ile fainali ya mita 1500 kule Mexico City, 1968, ilikimbiwa tarehe 20 Oktoba, Siku ya Kenyatta. Kwetu ilikuwa usiku wa manane, kwa hiyo tuliisikia asubuhi kwenye redio. Babu alikuwa anampimia mteja sukari. Aliiacha kwenye mizani, akatoka nje na kofia mkononi, akapiga ukelele mpaka wachota maji wakatokea wakiwa na ndoo. Kipchoge Keino wetu alikuwa anaumwa nyongo, siku chache kabla alikuwa ameanguka katika mbio za mita 10,000, na bado alimwacha kwa karibu sekunde tatu Ryun, mtu aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 1500 na ya maili! Mkenya mwenzake, Ben Jipcho, ndiye aliyewasha moto, mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56, huko juu kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200. Yule mteja alisahaulika kabisa na sukari yake.

Furaha ilipopoa, Babu alitaka kujua jambo moja tu: yule Mmarekani amesema nini? Unamjua Babu. Mkimbiaji humjui kwa medali, humjua akishashindwa. Baadaye tukapata habari kwamba Ryun alikuwa amepiga hesabu zake kuwa dakika 3 na sekunde 39 zingetosha kwa mwinuko ule. Alikimbia 3:37.8, kwa hiyo kwake fedha ile ilikuwa sawa na dhahabu. Kwao kuna walioandika kwamba amewaangusha. Babu aliposikia hayo akasema huyu ni mtu.

Munich 1972 bado inaniuma. Tulingoja marudiano miaka minne. Wakapangwa kundi moja la mchujo, Kipchoge na Ryun, na Ryun akagongana na wenzake akaanguka. Akainuka, akamaliza, lakini nje. Wakubwa wa Olimpiki walikiri kwamba ilikuwa rafu, kisha wakakataa rufaa. Kipchoge akaenda fainali akashindwa na Vasala wa Finland, na ile mbio tuliyoitaka sisi haikukimbiwa hata siku moja. Baadaye Ryun akaingia riadha ya kulipwa, na Kipchoge na Jipcho wakaingia vilevile, lakini hiyo haikuwa Olimpiki.

Basi, ubunge. Alichaguliwa mwaka 1996 kwa chama cha Republican, mhafidhina wa kweli: kinyume na utoaji mimba, kodi zipunguzwe, serikali isitumie ovyo. Mwaka 2003 Rais Bush wa chama chake alipoleta mswada wa kuwasaidia wazee kununua dawa, Ryun alikuwa mmoja wa Warepublican 25 waliopiga kura ya hapana katika Baraza la Wawakilishi. Gharama zake zilikuwa kubwa mno, kwa maoni ya watu wa msimamo wake. Mimi humheshimu mtu anayeweza kumkatalia rais wake mwenyewe. Lakini nikikumbuka bibi yako na vidonge vyake vya presha, jinsi tulivyovigawa nusu nusu mwisho wa mwezi, heshima hiyo inanikwama kooni. Halafu tena najiambia, deni lisilolipwa litawaangukia wajukuu. Halafu namwona bibi yako. Kwenye uwanja saa haimwonei mtu, aliyechelewa amechelewa. Bungeni aliyechelewa ni mzee mgonjwa, na huwezi kumwambia akazane.

Mwaka 2006 Bush mwenyewe alifika Topeka kumpigia debe, na bado Nancy Boyda, mwanamke ambaye Ryun alikuwa amemshinda miaka miwili kabla, akamwangusha. Mwaka 2008 alijaribu kurudi, akashindwa na Lynn Jenkins kwenye mchujo wa chama chake. Babu hakuishi kuyaona hayo. Angeniuliza lile lile, alisema nini aliposhindwa, maana mkimbiaji humjua akishashindwa. Mimi ningemjibu kwamba mbunge ni lazima umjue pia siku ameshinda, kwa kuwa ndipo ana uwezo wa kukufanyia jambo au kukunyima. Tungebishana mpaka taa iishe mafuta.

Kwa hiyo sikupi hukumu, ingawa ninayo na mama yako anaijua. Wewe ndiwe unayeishi na hao wazee. Waulize dawa zao wanazipataje sasa, na kama Ryun aliwapokea ofisini hata wale waliokuwa hawampigii kura. Ningeanza na hilo la ofisini. Uniandikie watakachokuambia kabla sijakuambia nilicho nacho.

Baba yako