Shabu imeongezwa, maji bado yana tope

Ndugu, umeeleza kwamba tangu mvua zianze mmekuwa mkiongeza shabu (dawa inayogandisha tope ili lituame) kila zamu kwenye mtambo wenu wa kusafisha maji ya mto, lakini maji yanayotoka kwenye machujio bado yana ukungu, na sasa unafikiria kuongeza klorini. Ningekushauri usianzie kwenye klorini, kwa sababu chembe za tope huwakinga vijidudu na huimaliza dawa kabla haijafanya kazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ukungu uwe chini ya NTU 1 (NTU ni kizio cha kupimia ukungu wa maji) kabla ya kuua vijidudu.

Chukua majagi sita ya lita moja ya maji ghafi, yaani yasiyotiwa dawa, weka katika kila jagi kipimo tofauti cha shabu, koroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole dakika ishirini, uyaache yatuame nusu saa. Angalia madonge ya tope yanayoganda: yakiwa madogo kama vumbi na hayashuki, pima pH (kipimo cha uchachu wa maji) kabla ya kulaumu dawa. Shabu hula ualkali wa maji, yaani uwezo wake wa kuzuia pH isishuke, nayo maji ya mvua huwa na ualkali mdogo, hivyo pH ikishuka chini ya 6 kuzidisha shabu huharibu zaidi, na chokaa kidogo ndiyo itakayokusaidia. Jaribio hilo lirudiwe kila mto unapobadilika rangi, hata usiku (najua wa zamu hawatafurahi).

Maji yakishakuwa safi ndipo utie klorini: klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8.