Mtoto asome, vyeti tutafute sisi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwanafunzi wa kidato cha sita aanze lini kupanga maombi ya chuo, kabla ya mtihani wa Mei au baada ya matokeo ya Julai? Mimi ni shangazi mtu, nakaa Ngamiani hapa Tanga, na mtoto wa kaka yangu nimemlea tangu yuko darasa la kwanza. Jibu langu ni baada ya mtihani. Mtoto wa kidato cha sita ana mzigo wa kumtosha. Ukimletea habari za kozi mwezi wa kwanza unamtia wasiwasi bure, kwa sababu tahasusi, yaani masomo yake makuu matatu, ameshaichagua na kilichobaki kinategemea alama. Mwenye D mbili ana pointi 4, na kwa kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, anaruhusiwa kuomba shahada, lakini kozi nyingi zina masharti yao juu ya hapo. Sasa atapanga nini kabla hajajua amepata ngapi?

Ila swali lenu limemtazama mtoto peke yake. Mtoto huyu akimaliza mtihani, Juni anakwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Matokeo yanatoka yuko kambini, dirisha la udahili linafunguliwa yuko kambini, na simu anaipata kwa nafasi. Anayezunguka na bahasha ya kaki juani ni mama, mjomba au shangazi. Huyo ndiye mlipaswa kumuuliza ameanza lini.

Wa kwangu alimaliza 2024, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), shule ya bweni mkoa mwingine. Aliingia kidato cha tano mwaka ule ule wa 2022 ada ilipofutwa, na watu wengi mtaani walidhani gharama zimeishia hapo. Baba yake, kaka yangu, alikuwa mvuvi, alifariki kijijini kwetu ng'ambo ya mto Pangani. Kwenye maombi ya mkopo wa chuo, ukisema mtoto amefiwa na mzazi unatakiwa kuweka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Cheti hicho hakikuwapo. Kaka alifia nyumbani, akaoshwa, akazikwa, khitma ikasomwa. Kijijini nani anakwenda wilayani kuandikisha maiti?

Basi nikapanda gari la Pangani, nikavuka na pantoni. Mtu akifia nyumbani, taarifa ya kifo inaanzia kwa mtendaji wa kijiji, kwa hiyo nilikwenda kwake moja kwa moja. Kijana mpole, hakunizungusha. Alifungua daftari, akashika kalamu, akaniuliza, "Mama, marehemu alifariki tarehe ngapi?" Nikabaki namtazama. Mwaka naujua, 2012. Tarehe siijui, na cheti hakiandikwi "mwaka ule".

Tukamwita mzee aliyemwosha. Alikuja na kanzu yake na bakora, akaketi kwenye benchi la pale nje. Akasema ilikuwa wiki ya Idi, kusi linavuma, ngalawa zimelala pwani. Mtendaji akamwambia, "Babu, wiki ina siku saba, nitajie kitu kingine." Mzee akanyamaza kitambo. Halafu wifi yangu, mama wa mtoto, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, akasema, "Watu wa Sensa walitukuta kwenye matanga." Akaeleza kwamba karani alipofika aliuliza waliolala nyumba ile usiku wa Sensa, mtu mmoja akamtaja marehemu kwa mazoea, ikabidi jina lifutwe, na yeye akaangua kilio upya. Mzee akadakia hapo hapo, "Naam, na tulimzika Ijumaa, tukatoka makaburini tukaenda msikitini."

Mtendaji akatoa simu akatafuta kalenda. Usiku wa Sensa ya 2012 ulikuwa wa kuamkia Jumapili, tarehe 26 Agosti. Ijumaa iliyotangulia ni tarehe 24. Alifariki jana yake, Alhamisi baada ya alasiri, kwa hiyo ni tarehe 23. Akaandika. Wifi aliomba lile daftari, akaitazama ile tarehe muda mrefu, akalirudisha. Miaka yote ile hakuwa na siku ya kumkumbukia mumewe.

Barua ya mtendaji haikutosha, ilibidi iende kwa msajili wilayani, kuna usajili wa kuchelewa na masharti yake, kisha uhakiki wa RITA. Wakati huo dirisha la mkopo limeshafunguliwa na siku zinakwenda. Usingizi sikuupata mpaka cheti kilipotoka na uhakiki ukakamilika kabla dirisha halijafungwa.

Mengine yalikuwa mepesi, ila nayo yana mitego. Zamani, kabla ya 2017, maombi ya chuo yalipitia TCU. Siku hizi unaomba kila chuo kivyake, na kila chuo na ada yake. Namba ya mtihani ya kidato cha nne lazima iwe ile ile, chuoni na Bodi ya Mikopo. Fomu ya mkopo inataka saini na mhuri wa serikali ya mtaa, inataka mdhamini, inataka wakili au hakimu. Na mtoto akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha inakuja kwa ujumbe kwenye simu iliyoandikwa siku ya kuomba. Stesheneri moja hapa mjini walitaka kuandika namba yao ili mambo yaende haraka. Nilikataa. Jirani yangu aliwakubalia kwa mwanawe, namba ya kuthibitisha ikaja kwa watu ambao hawamjui, mtoto akahangaika mpaka awamu nyingine.

Nimefika hapa naona jibu langu la mwanzo halisimami kwa familia kama yetu. Kama ningengoja matokeo ya Julai ndipo nivuke Pangani, mtoto asingepata mkopo, na bila mkopo uuguzi wa Dodoma anaousoma sasa tungeusikia kwa wenzetu. Kwa mtoto aliyefiwa, au aliyezaliwa nyumbani bila cheti, au ambaye jina lake la cheti cha kuzaliwa na la shule hayafanani, maombi ya chuo yaanze siku anaporipoti kidato cha tano. Yaanzwe na watu wazima. Walimu wakuu nao wakiwaita wazazi mkutanoni, badala ya kuzungumzia michango pekee, wawaambie walete vyeti vikaguliwe.

Wenye vyeti vyote sandukuni, na wazazi wote wawili hai, wangoje tu Mei ipite. Kozi hata mimi ningeingoja Julai, ingawa najua wapo walimu wanaoona bora mtoto awe na kozi tatu kichwani tangu Januari ili ajue anasomea nini. Kwa mtoto jasiri huenda wana haki. Wangu akiwa na hofu chakula hakipiti kooni, na nisingethubutu.