Uzamivu wa saikolojia ya utambuzi: nianzie wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina shahada ya kwanza ya saikolojia na sasa nafundisha sekondari. Natamani kusomea uzamivu (PhD) nchini Marekani, ama katika saikolojia ya utambuzi, yaani jinsi akili inavyofikiri na kukumbuka, ama katika sayansi ya neva, yaani ubongo na mishipa ya fahamu, nikichunguza kumbukumbu za watoto wanaokua na lugha mbili. Wenzangu wananiambia kwamba ni lazima kwanza nipate shahada ya uzamili, na kwamba pasipo GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu huko, nisijisumbue. Je, ni kweli? – Mwalimu, Tanga

JIBU: Ndugu Mwalimu, sharti la uzamili ni la kwetu na la Uingereza zaidi kuliko la Marekani. Idara nyingi za saikolojia huko hupokea wenye shahada ya kwanza, ila masomo huchukua miaka mitano au sita. Kuhusu GRE, idara nyingi ziliuondoa mtihani huo au zikaufanya kuwa wa hiari tangu mwaka 2020. Basi soma masharti ya kila idara kabla hujalipa ada ya mtihani ambao huenda hakuna atakayeutazama.

Jambo ambalo wenzako hawakukudokezea ni tofauti iliyopo kati ya njia hizo mbili. Katika sayansi ya neva, programu nyingi humpokea mwanafunzi kwanza, kisha mwaka wa kwanza humpitisha katika maabara mbili au tatu kabla hajachagua msimamizi. Katika saikolojia ya utambuzi, kwa kawaida anayekuchagua ni profesa mmoja atakayekusimamia tangu siku ya kwanza, na asipokuwa na nafasi mwaka huo, alama zako nzuri hazitakusaidia. Kwa hiyo tafuta kwanza mtu, chuo kitafuata. Soma makala alizochapisha miaka ya karibuni, kisha mwandikie kati ya Agosti na Oktoba, kwa kuwa maombi mengi hufungwa mwanzoni au katikati ya Desemba. Barua iwe fupi: taja kazi yake moja, swali ambalo kazi hiyo imekuachia, na uulize kama atapokea mwanafunzi mwakani. Barua iliyojaa sifa za profesa bila kutaja hata utafiti wake mmoja hutambulika mara moja kwamba imetumwa kwa maprofesa hamsini.

Nikuambie wazi, udhaifu wako si cheti bali uzoefu wa utafiti, kwani kufundisha, pamoja na heshima yake yote, hakuhesabiwi kuwa utafiti. Wala usidhani kwamba kazi hizo ziko ng'ambo tu: hapo Kilifi, Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome, mpango wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamechunguza kwa miaka mingi lugha na kumbukumbu za watoto walionusurika malaria ya ubongo. Mwaka mmoja wa kuwa msaidizi wa utafiti, hata kwa mhadhiri wako wa zamani, utakupa mambo ya kuandika katika maelezo ya kujieleza utakayoambatanisha na ombi lako, na pia mtu wa kukuandikia barua ya mapendekezo. Barua hizo za mapendekezo zinazotakiwa kwa kawaida ni tatu, na mtu aliyekuona ukikusanya na kuchambua data ana uzito kuliko mkuu wa chuo anayelijua jina lako tu. Jifunze R au Python, lugha za kompyuta za kuchambua data ambazo hazilipiwi, pamoja na PsychoPy, programu ya kompyuta inayotumika kutengeneza majaribio ya saikolojia.

Kuhusu fedha, programu nyingi za uzamivu katika fani hizi hufuta karo na kumpa mwanafunzi posho ya kujikimu, naye husaidia kufundisha au kutafiti. Kitakachokuumiza ni ada ya maombi, ambayo katika vyuo vingi hukaribia dola 100 kwa kila ombi. Vyuo vingine huisamehe, lakini kwa anayeomba mapema.

Ukiitwa kwenye mahojiano, kati ya Januari na Machi, waulize wanafunzi wa maabara hiyo, profesa akiwa hayupo, waliotangulia walimaliza kwa miaka mingapi na sasa wanafanya kazi gani. Ukipata nafasi yenye ufadhili, usikubali kuharakishwa: vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kumpa mwombaji hadi tarehe 15 Aprili kutoa jibu lake.