Maswali ya Wasomaji: Mada ni uhuru, sasa huyu ndege wa nini?

Haya jamani, nimerudi. Mwezi huu maswali mengi yametoka kwa watu wanaotaka kutuma kazi zao kwenye tamasha la filamu fupi, lile la kila mwaka ambalo mada yake ni uhuru. Nimechukua manne tu, mengine yanajirudia.

Shikamoo. Nina filamu ya dakika 22. Jamaa yuko jela, ana pingu, mwisho mlango unafunguliwa, ndege anaruka angani na muziki unapanda juu. Mwaka jana nilituma inayokaribiana na hii wakaikataa bila kusema sababu. Nakosea wapi?

Marahaba mdogo wangu. Unakosea kwenye ndege, na wala sikutanii. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya kuchuja filamu, tamasha dogo tu, mada hiyohiyo, na kufika siku ya pili mwenzangu mmoja alikuwa anapiga kistari kwenye karatasi kila ndege akiruka, alafu ana safu nyingine ya pingu na nyingine ya mtu anakimbilia baharini kanyoosha mikono. Tulicheka ila roho iliuma, maana hao watu walihangaika kweli, wengine kamera ya kuazima, sema wote walikuwa wanachora neno uhuru na hakuna aliyetuletea mtu anayeutaka.

Iliyotunyamazisha ilikuwa ya dakika sita. Mwanzoni unaona kwa sekunde chache mkono wa mwanaume, funguo zinaning'inia kwenye mkanda wake. Basi, hatumwoni tena. Kinachofuata ni bibi mmoja amehamia chumba chake mwenyewe, usiku wa kwanza, anafunga mlango kwa ufunguo, anafungua, anafunga tena, anasikiliza kale kamlio ka kitasa. Anakaa kitandani. Ananyanyuka anaenda kufunga tena. Hakuna muziki, hakuna maneno. Kwako wewe mlango unafunguliwa na watu wa nje, bibi anaufunga mwenyewe kwa ndani, hebu ziangalie hizo mbili kwa pamoja.

Jela yenyewe haina shida. Ila jaribu kumuanzia wiki moja baada ya kutoka, kasimama mbele ya mlango ambao haujafungwa, anasubiri mtu aje amfungulie.

Na kama unaona kitu kidogo hakitoshi, kumbuka sinema yenyewe ilianzaje. Tarehe 28 Desemba 1895 kule Paris, ndugu wawili wa Lumière walionyesha filamu kumi kwa watu waliolipa kiingilio, kila moja haifiki hata dakika moja, na mojawapo ni wafanyakazi wanatoka kiwandani Lyon. Lango limefunguka, watu wanakwenda zao, kuna baiskeli, kuna mbwa. Mimi kila nikiitazama naangalia mwendo wao tu.

Kuhusu dakika 22, kata. Tamasha la Cannes kule Ufaransa filamu fupi mwisho dakika 15, tuzo za Oscar wanaruhusu hadi 40, na kote huko yale majina yanayopita mwishoni mwa filamu yanahesabiwa. Lakini kuruhusiwa ni kitu kimoja, kupangiwa nafasi ni kingine, kama onyesho ni la saa moja na nusu basi wewe peke yako umekula karibu robo, na anayepanga ratiba anajua kwamba kwa nafasi yako angeweka filamu tatu.

Habari kaka. Filamu yangu ni ya mtu halisi aliyekimbia nchi yake. Amekubali kwa mdomo nimwonyeshe sura. Inatosha?

Haitoshi dada yangu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Amekubali nini hasa? Tamasha si ukumbi tu siku hizi, picha inaingia kwenye katalogi, trela inawekwa mtandaoni, na ikishatoka hairudi. Mweleze hayo yote kwa lugha anayoielewa vizuri, aandike, alafu muonyeshe filamu ikiwa imekamilika kabla hujaituma, na akisema hapana iwe hapana. Kuficha sura peke yake kunadanganya, sauti inamtambulisha, dirisha la nyuma yake linamtambulisha, hata faili la simu linaweza kuwa limehifadhi mahali uliporekodia. Mnaweza kutumia mikono yake tu, na mtu mwingine asome maneno yake.

Wapo wanaochagua hatari wenyewe. Jafar Panahi wa Iran alihukumiwa mwaka 2010, miaka 6 jela na miaka 20 asitengeneze filamu, na mwaka 2011 kazi aliyoirekodi ndani ya nyumba yake ikafika Cannes ikiwa kwenye fleshi. Lakini yule alikuwa anaamua juu ya shingo yake mwenyewe. Wewe unaamua juu ya shingo ya mwenzio.

Mambo! Nimetumia wimbo maarufu wa ukombozi, jina la mwimbaji nimeliandika mwishoni. Niko salama?

Poa, ila hauko salama. Kumtaja mtu siyo kumuomba. Wimbo una haki mbili, ya aliyeutunga na ya mwenye rekodi, na unahitaji ruhusa zote mbili kwa maandishi. Ukikuta wimbo wa kale ambao mtunzi wake hana haki tena, tafuta mtu auimbe upya mbele ya maikrofoni yako, usichukue rekodi ya mwingine. Au ufute kabisa. Filamu nyingi nilizoona zilikuwa nzuri mpaka muziki ulipoingia kutuambia tulie sasa.

Filamu yangu tayari iko YouTube, bado naweza kutuma?

Soma masharti, matamasha mengine hayajali, mengine yanataka isiwe imeonekana popote. Kwa usalama iondoe sasa hivi, utume linki yenye nywila, na kabla ya kutuma ifungue kwenye simu ya mtu mwingine uone kama inacheza. Tulishawahi kuruka filamu kwa sababu nywila haikufanya kazi, tukaandika barua pepe, majibu yakaja wiki mbili baada ya ratiba kutoka.