Mkuu, usiwashe fayawoli ya seva ya Mbeya ukiwa Dar

Acha kwanza. Umeandika kwamba leo usiku, ukiwa nyumbani Dar, utahamisha SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) ya seva ya Mbeya kutoka poti 22 kwenda 2222 (poti ni kama mlango wenye namba), upige `ufw allow OpenSSH` kuiruhusu SSH, kisha `ufw enable` kuwasha ufw, yaani fayawoli, mlinzi anayechuja kinachoingia kwenye seva, ulale. Halafu unauliza uweke Zabbix au Prometheus, zile programu za kufuatilia hali ya seva, na kama klasta ya mashine mbili (seva mbili zinazofanya kazi kama moja) inatosha. Klasta gani mkuu, wakati hata hiyo seva moja unakaribia kuipoteza?

Hiyo OpenSSH kwenye ufw maana yake ni poti 22 tu. Wewe utakuwa umeshahamia 2222. Na ubaya wake, dirisha ulilo nalo wazi linaweza kuendelea kupokea amri kama kawaida, kwa sababu ufw haikati miunganisho iliyokwisha kuanza. Utajipongeza, utafunga laptopu. Asubuhi ndiyo utajua.

Mimi yangu ilikuwa Mwanza, 2019. Seva ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi, imekaa juu ya kabati stoo, mimi niko Dar. Fayawoli nilikuwa nimeipanga vizuri kabisa kwa `iptables`, amri ya Linux ya kupanga kanuni zake: `iptables -P INPUT DROP`, yaani kila kinachoingia kikataliwe, kisha kanuni chache za kuruhusu SSH na kompyuta za kaunta. Ijumaa jioni kaunta zikashindwa kusoma hifadhidata. Nikampigia jamaa tuliyekuwa tunamlipa kwa ushauri, mtu wa vyeti, saini yake kwenye barua pepe ni ndefu kuliko barua yenyewe. Akasema, "Futa kanuni zote kwanza, tuone kama ni fayawoli. `iptables -F`. Haina madhara."

Haina madhara!

`-F` inafuta kanuni. Ile DROP ya msingi haiigusi. Kwa hiyo ruhusa zote zikaondoka, katazo likabaki peke yake. Nikabonyeza Enter, kishale kikaganda. Nikaandika `ls`, herufi hazikutokea. Nikabonyeza Enter kama mara ishirini, kama mtu anayeita lifti umeme umekatika. Nikampigia tena yule bingwa: "Ngoja kidogo, labda ni mtandao." Nikauliza, niwaambie wazime na kuwasha? "Usithubutu, hifadhidata itaharibika."

Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri niko Ubungo ndani ya basi, kibodi ya USB mapajani maana stoo haikuwa na kibodi. Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, kilomita zaidi ya 1,000. Jumapili duka limefungwa, mwenye funguo yuko kanisani hadi saa saba mchana. Alipokuja nikachomeka kibodi, nikapiga `iptables -P INPUT ACCEPT`. Dakika moja, kwisha. Jumamosi nzima walikuwa wameuza kwa daftari, na aliyekaa hadi Jumatano kuyaingiza mauzo hayo, misumari kwa kilo, mabati kwa kipande, ni mimi. Nauli na gesti zikakatwa kwenye mshahara wangu.

Kinachoniuma hadi leo: kanuni zangu nzima zilikuwemo kwenye `/etc/iptables/rules.v4`, zinapakiwa seva ikiwaka. Kuzima na kuwasha kungezirudisha zote. Dada wa kaunta angebonyeza kitufe tu! Na lile tatizo la hifadhidata? Diski ilikuwa imejaa. Fayawoli haikuhusika hata chembe. Ushauri ule tuliulipia, tena na risiti ninayo.

Wewe hata kitufe hakitakuokoa, maana ufw ukishaiwasha inarudi kila seva inapowaka. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, tega saa:

`sudo systemd-run --on-active=10m /usr/sbin/ufw disable`

Baada ya dakika 10 fayawoli inajizima yenyewe, upende usipende. Ndani ya dakika hizo piga `ufw allow 2222/tcp`, washa, kisha fungua dirisha la pili ujaribu kuingia upya. La kwanza usilifunge. Umeingia? Simamisha taima kwa `systemctl stop` na lile jina la taima ambalo `systemd-run` ilikuonyesha. Umegonga mwamba? Kapike chai, ukirudi mlango uko wazi. Ukigusa anwani za mtandao, tumia `netplan try`: inasubiri sekunde 120 uthibitishe, usipothibitisha inarudisha za zamani. Mimi natega saa hata kwa mashine iliyo chini ya meza yangu, ofisini wananicheka, waache wacheke, hawajakaa na kibodi mapajani toka Ubungo hadi Mwanza.

Zabbix au hiyo nyingine weka yoyote, ikitokea umejifungia nje zote zitakuonyesha nyekundu tu. Nijibu hili kwanza: wikiendi hii funguo za chumba cha seva Mbeya anazo nani, na simu yake inapatikana?